Safu ya Tatu

Saa nne usiku, kisiwa cha Kauai.
Nyasi za Bi. Florencia Agbayani zimekatwa juzi,
bado zinanuka kama tikiti lililopasuka.
Kawehi anatambaa kwa magoti, taa nyekundu kichwani,
nami nyuma yake na makopo, kalamu, ubao wa fomu.
Fomu ina safu mbili: ANAIMBA. HAIMBI.

Ya pili imejaa.

"Hamjambo, wezi wangu," Bi. Florencia anatusalimu toka kibarazani.
Zamani mumewe Isidro aliwarushia nyenje kandambili dirishani,
maana mtu aliyekata miwa tangu alfajiri
hana deni la kukesha kwenye harusi za wadudu.
Sasa Isidro amelala nyuma ya kanisa.
Kandambili yake moja inazuia mlango usijifunge.
Na nyenje wapo, wengi, tunawaokota kama maharage,
ila hawasemi.

Ni nzi.
Si yule wa jikoni. Huyu ana masikio kifuani,
yaliyochongwa kwa ajili ya wimbo mmoja tu.
Dume akisugua bawa kwa bawa kumwita jike
wanaosikia ni wawili,
na nzi ndiye anayetangulia.
Humwachia funza mgongoni, nao hupenya,
humla toka ndani, kwa utulivu
wa wapangaji wasiolipa kodi.
Mdomo uliponza kichwa; kwa nyenje, bawa.

Ndipo akazaliwa mmoja mwenye bawa bapa,
lisilo na meno ya kukwaruzia.
Kilema, ungesema. Ungempa pole.
Nzi akapita juu yake asimjue.
Vizazi kama ishirini
(Kawehi anahesabu kwa vidole vyenye matope)
na vilema wakawa mtaa mzima.

Hapo ndipo ninapokwama.
Nilifundishwa kwamba mageuzi ni mawe na mifupa,
mamilioni ya miaka, mlima usioonekana kusogea.
Haya yalipita kati ya rangi mbili za nyumba ya Bi. Florencia,
ile ya kijani na hii ya maziwa,
wala hakuna aliyeinua kichwa.

Na majike wanawapataje?
"Wamebaki wajinga wachache wanaoimba," Kawehi anasema.
"Mabubu hujisogeza karibu yao,
wakamdaka njiani aliyeitwa na mwingine."
Ananitazama. "Usicheke. Nawe umewahi kwenda dansi."

Usiku wa kumi na tisa tulimkuta mwimbaji mmoja.
Usiku wa ishirini, mbu.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa;
mimi nimepiga magoti ndani ya kimya hicho
mpaka ngozi ikaota sugu,
na mshindo sikuusikia.

Usiku wa ishirini na tatu, kopo la kumi na moja:
dume, bawa bapa, mguu mmoja hana.
Alikuwa akisugua, akisugua, kama wote,
mwili ukikumbuka kazi ambayo chombo chake kimeisahau.
Nikamwekea kinasa sauti, kwa mazoea tu.
Kwenye kioo ukapita mstari mwembamba,
kama mtu anayefungua barua polepole
asiwaamshe wenzake chumbani.
Nikalisogeza kopo sikioni.
Paka. Paka anayekoroma kwa raha,
mbali sana, ndani ya sanduku.

Bi. Florencia akazima redio bila kuambiwa.

Ni wimbo huo? Jike atausikia?
Na nzi je, mwaka kesho,
akizaliwa mwenye sikio jipya?
"Sijui," Kawehi akasema. Akarudia, "Sijui,"
kwa furaha ambayo sijawahi kuiona
kwa mtu aliyekosa jibu.

Nikaitazama fomu. ANAIMBA. HAIMBI.
Rula hatukuwa nayo.
Nikaivuta kandambili ya Isidro pale mlangoni,
nikapitisha kalamu ukingoni mwake,
mstari ukatoka umepinda kama kisigino,
na katika safu hiyo isiyo na jina
nikaandika: 1.

Nyuma yangu mlango ukajifunga wenyewe.